Figa la Nyuma

Mume wangu Ekaju alikuwa mtu asiyekaa. Sisemi hivyo kumchongea. Mama yake mzazi mwenyewe alikuwa akisema mtoto huyu alitambaa siku chache tu, akaona anachelewa. Akila, anakula anatembea. Akiandika, goti linacheza chini ya meza mpaka wino unamwagika. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya yadi ya malori ya Mahmudu pale Tororo, chumba cha kitanda, meza na jiko la makaa, na hazikupita wiki nyingi kabla sijarudi kutoka sokoni nikakuta kitanda kimehamishwa. Leo kichwa kiko dirishani, safari nyingine kichwa kiko mlangoni. Nikimuuliza sababu, ananiambia hapa ndipo hewa inapopita vizuri. Hewa ilikuwa ile ile.

Kazi nazo alizihama vivyo hivyo. Alifundisha watoto wa darasa la kwanza kwao Mella, akaacha. Alipima pamba kwenye stoo ya kununulia, akitenga safi na fifi, ile pamba chafu, akaacha. Akafungua kiduka cha mafuta ya taa Busia, upande wetu wa Uganda, na kila alasiri alikuwa akifunga mlango kwenda kunywa chai upande wa Kenya. Chai ya Kenya haikuwa tofauti na yetu hata kidogo, ila ilikuwa ng'ambo. Kiduka kikafa. Aliponioa alikuwa karani wa yadi kwa Mahmudu, akisimamia mizigo inayopanda na kushuka kwenye malori ya Busia, na jamaa zangu walikuwa wanangoja tu kusikia ameacha.

Badala ya kuacha, akaja na habari ya chuo. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu, viti vingi maofisini vilikuwa vinabaki wazi, na chuo kimoja cha biashara Kampala kilikuwa kinatafuta watu wa kufundishwa uhasibu na uendeshaji wa kampuni. Kulikuwa na mtihani wa kuingia. Hesabu aliziweza. Kiingereza alikiweza cha kutosha. Kilichomtia homa ni sehemu ya kupima hoja, ambayo safari hii wasaili wangeiuliza kwa mdomo. Unapewa maneno ya mtu, mistari minne mitano, mtu huyo anafikia hitimisho lake, kisha unaulizwa: kati ya habari hizi, ipi inaitia nguvu hoja yake, ipi inaivunja, na ni jambo gani ameliamini bila kulisema.

Mahmudu alimletea kitabu cha maswali ya zamani kutoka Kampala. Kilisafiri chini ya kiti cha dereva na kilinuka dizeli mpaka siku ya mwisho. Mahmudu alikuwa mtu mnene mwenye utani mwingi na huruma ambayo hakupenda ionekane.

"Soma, ndugu yangu," alimwambia. "Ukipita mtihani, mimi napoteza karani. Ukianguka pia napoteza karani, maana wewe miguu yako haijui kukaa."

Alicheka, nami nikacheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Mahmudu alikuwa ameona. Chuo hakikuchukua mtu aliyepita miaka thelathini, na Ekaju alikuwa anaigonga. Ilikuwa mwaka ule au basi. Mama yangu alikuwa ameshatoa neno lake: akishindwa, aache mizunguko, akalime shamba la baba yake Mella. Ekaju aliitikia. Mimi nilimjua. Akishindwa angelima msimu mmoja, kisha siku moja angevuka Busia kwenda kunywa chai na asirudi. Akifaulu angekwenda Kampala miaka miwili, mimi nibaki Mella kwa wakwe zangu nikilima, kama walivyobaki wake wote wa wasomi, naye angerudi na kazi inayomtosha. Kwa hiyo nilitaka afaulu kuliko alivyotaka yeye.

Alianza kujisomea peke yake mezani. Alikosa karibu maswali yote, na kila alipokosa alikigombeza kitabu. Nikamwambia hivi hatutafika. Unahitaji mtu wa kukubishia. Na mtu pekee niliyemjua anayeweza kubishana na kitabu kikashindwa kitabu ni mama yangu.

Mama yangu, Mwalimu Acen, alikuwa amefundisha wasichana kwenye shule ya misheni mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akarudi Sop Sop kulima wimbi na karanga. Baba alikufa mimi nikiwa tumboni. Ndiyo maana naitwa Achola, jina la mtoto wa msiba. Hakuolewa tena, hakupata mtoto mwingine. Alinilea kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chaki. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, yote yamenyooka, na tangu siku ya kwanza hakumpenda Ekaju. Alisema ana macho ya msafiri. Aliyasikia tu hayo macho kwa watu, maana yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuyaona kwa karibu.

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Kwetu Padhola, na kwa Waiteso wa kina Ekaju vilevile, mkwe wa kiume hatazamani uso na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na hawasemeshani ana kwa ana. Sasa niambie, watu wa namna hiyo watafanyaje mazoezi ya kubishana?

Tulifanya hivi. Kila Jumapili baada ya ibada Ekaju alinipakia nyuma ya baiskeli, akakanyaga mpaka Sop Sop kana kwamba anafukuzwa. Mama aliketi ndani ya jiko, karibu na kidirisha. Ekaju aliketi nje kwenye kigoda, mgongo wake kwenye ukuta ule ule, uso ukitazama ghala la wimbi. Mimi nilikaa mlangoni, mahali ninapoweza kuwaona wote wawili, nikipokea kitabu huku na kukipeleka kule. Ukuta ulikuwa wa udongo, na kila mmoja alimsikia mwenzake mpaka pumzi. Lakini mama hakumsemesha mkwe wake, wala mkwe hakumsemesha mama. Yote yalipita kwangu.

"Ambia bwana yako," mama aliniambia Jumapili ya kwanza, "mji moja ilijengwa barabara ya lami. Mwaka ya pili watu wakanunua baiskeli mingi. Mwenye kusema anasema ni lami ndiyo ilileta hiyo baiskeli. Sasa kati ya hii mambo tano, gani inavunja maneno yake?" Akayasoma yote matano kwa Kiingereza, polepole, sauti ya darasani.

"Umesikia?" nikamuuliza Ekaju.

"Nimesikia. Ambia mama ni ile ya tatu, baiskeli inashika kutu wakati ya mvua."

"Mama, anasema ni ya tatu."

"Kwa nini?"

"Ambia mama kwa sababu ni kweli. Baiskeli yangu yenyewe ona, imekula kutu mpaka kwa cheni."

Nilimwona mama akifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Ambia bwana yako mimi sikuuliza gani ni kweli. Zote tano ni kweli, kitabu imesema tukubali. Nauliza gani inagusa maneno ya huyu mtu. Kutu inagusa lami wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa la Ekaju, na lilimshika wiki nyingi. Kazi ya yadi ilimfundisha kumwamini anayesema kweli na kumfukuza anayesema uongo, na hapo ndipo hukumu yake ilipoishia. Akiona jambo la kweli analiokota, hata kama halihusiki. Jibu lenyewe lilikuwa la tano, kwamba mwaka ule ule pamba ilipata bei nzuri. Alipoambiwa aliinuka, akalizunguka ghala, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Ambia bwana yako akae. Nasikia anazunguka."

"Nimekaa," akasema Ekaju akiwa amesimama.

Jumapili ya kwanza nilijaribu kuruka kazi yangu, maana niliona upuuzi kurudia maneno ambayo kila mtu ameyasikia. Mama akanikatiza. "Nimesema ambia yeye." Nikarudia. Ikawa kila Jumapili natoka Sop Sop nimesema mara mbili ya watu wote na sina langu hata moja.

Ni mama aliyeleta habari ya figa. Siku moja Ekaju alikuwa amechemka kabisa, anasema haelewi ni vipi mtu aulizwe jambo ambalo halikuandikwa. Mama akaniambia niende nje nimweleze. "Ambia yeye chungu inakaa juu ya mafiga tatu. Ukisimama mbele unaona mbili. Ya tatu iko nyuma ya chungu, huioni, lakini uzito imekaa juu yake. Maneno ya mtu ni hivyo. Mbili anakuonyesha. Yeye atafute ya nyuma. Akiitoa hiyo, chungu inaanguka."

Nilimweleza. Aliketi akilitazama ghala, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue goti lake lilitulia. Tuliporudi Tororo alipiga magoti mbele ya jiko letu la makaa, akalitazama, akanung'unika kwamba sisi watu wa mjini hatuna hata mafiga.

Kuanzia hapo alianza kupata. Si yote, lakini nusu, halafu zaidi ya nusu. Akawa anatafuta mafiga kila mahali mpaka akanichosha. Mahmudu akisema lori limechelewa kwa sababu dereva ni mvivu, Ekaju anamuuliza figa la nyuma ni lipi. Mimi nikisema chumvi imekwisha kwa sababu yeye anatia nyingi, ananiambia hoja yangu haijasimama. Nilimwambia mwiko wangu umesimama.

Mama alimsikia anavyopanda. Nilifikiri atafurahi. Badala yake Jumapili iliyofuata aliweka kitabu chini, akatoa swali la kichwani mwake.

"Ambia bwana yako. Mtu moja alikuwa nafundisha, akaacha. Akapima pamba, akaacha. Akafungua duka, akaacha. Sasa anataka kwenda Kampala kusoma. Mwenye kusema anasema: huyu mtu, hivyo ameacha yote, ataacha na bibi yake kule shamba. Figa ya nyuma iko wapi?"

Sikulirudia. Nilikaa mlangoni namtazama mama, naye alikuwa anatazama majivu. Nje niliona mabega ya Ekaju yamekaza. Aliinuka, akachukua baiskeli, akaenda. Nililala Sop Sop siku hiyo, na asubuhi nikarudi Tororo kwa miguu, hasira ikinisukuma njia nzima. Nilikuwa na hasira na mama kwa kulisema, na zaidi nilikuwa na hasira na Ekaju, kwa kuwa kuondoka kwake kulikuwa ndilo jibu ambalo mama alilitaka.

Hakuwa chumbani. Mahmudu aliniambia amepanda lori la Busia alfajiri. Siku zikapita. Kila lori lililoingia yadi nilitoka nje na mikono yenye sabuni, na kila mara alikuwa ni mtu mwingine anayeshuka. Mahmudu alikuwa anapita mbele ya mlango wangu anajifanya anakagua matairi. "Atarudi," alikuwa akisema, "huyo anakwenda kunywa chai tu." Nilitaka kumtupia sufuria.

Jumamosi jioni Ekaju akaingia, amepauka kwa vumbi, akaketi kitandani. Kitanda kilikuwa pale pale alipokiacha.

"Nimevuka mara nyingi," akasema. "Nafika kule, nakaa, nainuka, narudi huku. Hiyo swali ya mama inanifuata. Achola, mimi sina jibu. Yote amesema ni kweli."

"Kweli inahusika nini," nilimwambia. "Si ndiyo kosa lako siku zote?"

Kisha akaniuliza kama kuna chakula. Kesho yake alinipakia kwenye baiskeli tukaenda Sop Sop, akaketi kwenye kigoda, na mama akaendelea na kitabu alipoishia. Hakuna aliyelitaja tena swali lile. Tulikwenda hivyo mpaka kitabu kikafika ukurasa wa mwisho, na mama alilisoma swali la mwisho kwa sauti ya chini kuliko mengine yote.

Usaili ulifanyika Tororo, kwenye ukumbi wa wilaya. Niliketi barazani chini ya dirisha lililo wazi, pamoja na ndugu za watahiniwa wengine, shati la akiba la Ekaju likiwa mapajani mwangu, maana alitoka jasho sana. Wasaili walikuwa watatu: Mzungu mmoja mwenye shingo nyekundu, ambaye ndiye mkuu wa kikao, mhasibu mmoja kutoka Jinja, na mwalimu wa chuo chenyewe, mwanamke wa makamo aliyevaa gomesi ya kijani, anaitwa Bi. Akongo. Kiingereza alichonifundisha mama kilinitosha kufuata kila neno.

Alianza vizuri. Alisimama wima, akaamkia, akaketi. Bi. Akongo alimuuliza mambo ya nyumbani kwa sauti nzuri, nikaona huyu ndiye atakayemsaidia. Akamuuliza kama ameoa. Ekaju akajibu ndiyo. Wapi? Sop Sop. Kwa nani? Kwa Mwalimu Acen.

"Acen binti Oluka?" Bi. Akongo alisema. "Baba yangu na Oluka walikuwa mtu na ndugu yake. Acen ni dada yangu."

Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Nilisimama nikachungulia. Ekaju alikuwa amekigeuza kiti chake, ameketi akiwapa wote watatu mgongo, uso umetazama ukuta wenye kalenda ya kiwanda cha saruji. Dada wa mama mkwe ni mama mkwe. Hilo hatukuwa na haja ya kuelezana. Lakini nafikiri haikuwa mila peke yake. Zile Jumapili zote zilikuwa zimeingia mwilini mwake. Mkwe akiwa nyuma na maswali yanakuja, mahali pake palikuwa hapo. Bi. Akongo, na gomesi yake ya kijani na miaka yake yote ya Kampala, alikuwa ameinua faili akafunika uso.

"Tafadhali, bwana," Ekaju alimwambia Mzungu bila kugeuka, "mwambie mama kwamba niko tayari kwa swali."

"Mama yupi?" Mzungu akauliza.

Mhasibu wa Jinja alikohoa. Wale walioketi nami barazani wakaanza kucheka, nikawakazia macho. Nilikuwa naona miaka miwili ya Kampala inamwagika chini, na nyuma yake namwona Ekaju kwenye lori la Busia, safari hii bila kurudi.

Mzungu hakupandisha sauti. Alikuwa na sauti ya mtu anayejilazimisha kuwa na subira. "Bwana Ekaju, tumekuja kupima hoja, basi tupime hii. Mtu anayewageuzia wasaili wake mgongo hawaheshimu. Wewe umetugeuzia mgongo. Kwa hiyo hutuheshimu. Hoja hii ina kasoro gani, kama inayo?"

Goti la Ekaju likaanza kucheza. Nilijua linalomjia mdomoni: ni mila yetu, bwana. Ilikuwa kweli tupu, na isingegusa kitu. Mzungu angeandika kwamba mtahiniwa ameomba radhi kwa kutumia mila. Niliushika ukingo wa dirisha. Usiokote kutu, nilikuwa nikisema moyoni, usiokote kutu.

Akainuka. Nikasema basi, anaondoka. Alisimama akiitazama kalenda, kisha akaketi tena, pole pole, na goti likatulia.

"Hoja hiyo imeketi juu ya mawe matatu, bwana," akasema. "Mawili umenionyesha. La tatu liko nyuma. Umeamini, bila kulisema, kwamba mtu hugeuza mgongo kwa dharau tu. Sasa ongeza habari moja. Katika watu watatu mlioketi hapo, mmoja ni mama mkwe wangu. Kwetu, dharau ni kumtazama. Kama ningebaki nimewaelekea, hapo ndipo hitimisho lako lingesimama."

Mzungu akamuuliza Bi. Akongo kama ni kweli, naye akajibu nyuma ya faili kwamba ni kweli, na kwamba kwa kuwa ni kweli yeye hawezi kumsaili mkwe wake wala kumpa alama. Akatoka kwa mlango wa pembeni, faili bado liko usoni. Kwa hiyo yule niliyemtegemea kumsaidia ndiye aliyeondoka. Alipopita barazani alishusha faili, akanitazama.

"Wewe ndiye Achola?"

"Ndiyo, mama."

"Salimia dada yangu. Ambia yeye ameniharibia kazi ya leo."

Ekaju alikigeuza kiti, akaendelea na wale wawili. Walimshikilia muda mrefu. Sikuwa tena na nguvu ya kusikiliza. Niliketi chini, nikalikunja na kulikunjua lile shati. Alasiri karani alitoka mlangoni akataja majina ya waliochukuliwa, na la Ekaju lilikuwa karibu na mwisho. Watu walinipa mkono. Nililia pale ngazini, kwanza kwa furaha, halafu kwa kuwa sasa ilikuwa hakika anakwenda, nami nilikuwa nimelipigania jambo hilo kwa nguvu zangu zote.

Siku zilizofuata alikuwa hashikiki. Asubuhi anatoka, mchana anaingia, ananong'ona na Mahmudu, anatoka tena. Alikipima kitanda kwa kamba. Nilimwambia akihamishe basi mara ya mwisho aniachie nilale. Alitabasamu, hakujibu, na tabasamu lile lilinikera mpaka Jumapili.

Jumapili tulikwenda Sop Sop kuaga. Mama alikuwa amepika kuku wa karanga. Sahani ya Ekaju niliipeleka nyuma ya ghala kama kawaida. Kisha kila mtu akakaa mahali pake, mama kidirishani, Ekaju kwenye kigoda, mimi mlangoni, ingawa hapakuwa na cha kusoma. Kitabu nilikuwa nacho mkononi. Nilidhani mama atatoa baraka.

"Ambia bwana yako," mama akasema, "iko swali moja hajajibu."

Nilijua ni lipi. Nilifungua mdomo kumwomba mama aliache, lakini alikuwa ameshaanza, na alilisema lote, kufundisha, pamba, duka, Kampala, na mke anayeachwa shamba. Sauti yake haikuwa ya darasani. Nikaelewa kwamba hakuwa anamtega mtu. Alikuwa anaogopa, na hili swali ndilo alilokuwa analala nalo.

Kisha Ekaju akasema, na hakuniambia mimi.

"Mama, mambo yote umesema ni kweli. Niliacha kufundisha. Niliacha pamba. Niliacha duka. Siwezi kuvunja hata moja." Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti. "Lakini umekalisha chungu juu ya figa moja huonyeshi. Umesema Achola anabaki. Nani alisema anabaki? Mahmudu iko na ndugu yake Kisenyi, hapo Kampala, ametupa chumba. Lori inatoka Jumatano. Kitanda inapanda, na yeye anapanda."

Hakuna aliyekuwa amesema nabaki. Nilitafuta kichwani mwangu aliyesema, sikumpata. Nilikuwa nimeliamini tu, mimi na mama na Mella nzima, kwa kuwa wake hubaki. Furaha ilinipanda, na papo hapo ikanitia aibu, maana nilikuwa nimeegemea mlango wa jiko la mama yangu, na ndani ya jiko lile hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa yeye.

Mama hakusogea. Alikuwa ameshika ukingo wa kidirisha, vidole vyake viko pande zote mbili za ukuta, na kama Ekaju angegeuka angeviona. Hakugeuka.

"Jibu ni sawa," mama akasema. Hakusema ambia bwana yako. Alilisema kidirishani, moja kwa moja, kwa mkwe wake, kisha akajifuta uso kwa upindo wa gomesi na kunigeukia.

"Achola, lete swali ingine."

Nilikifungua kitabu nikapekua kurasa, ingawa nilijua. Tulikuwa tumeyamaliza yote, na yeye mwenyewe ndiye aliyesoma la mwisho.